Theophilos Kairis na maneno aliyokataa kuyatamka

Mwezi Januari 1853, Areios Pagos, mahakama ya juu kabisa ya Ugiriki, iliibatilisha hukumu ya kifungo aliyopewa Theophilos Kairis. Mwenyewe hakuwapo kuisikia. Alikuwa amefia kifungoni siku chache kabla, katika kisiwa cha Syros, akiwa na umri wa miaka 68. Alizikwa bila padre na bila sala za kanisa. Haukupita muda, watu wakalifukua kaburi, wakampasua maiti na kummwagia chokaa ndani ya mwili.

Aliyetendewa hayo hakuwa adui wa nchi. Mei 1821, Wagiriki walipoinuka dhidi ya utawala wa Waosmani, ni Kairis aliyetangaza mapinduzi katika kisiwa chake cha Andros. Mwaka uliofuata alikwenda vitani upande wa Mlima Olympus akajeruhiwa vibaya, na majeraha hayo hayakumwacha tena. Alikaa katika mabunge ya taifa ya wakati wa vita. Ioannis Kapodistrias alipofika Aegina mwanzoni mwa 1828 kuiongoza nchi changa, Kairis ndiye aliyechaguliwa kumkaribisha kwa hotuba. Juu ya yote hayo alikuwa padre, tena msomi wa fizikia, hisabati na falsafa aliyepitia Pisa na Paris, na kwa miaka kadhaa mwalimu mkuu katika shule maarufu ya Kydonies, mji ambao leo ni Ayvalık nchini Uturuki.

Vita vilipokwisha, wenzake waligombea vyeo. Yeye alizunguka Ulaya akiomba michango kwa ajili ya watoto ambao baba zao walikufa wakipigana. Katikati ya miaka ya 1830 akafungua nyumba ya yatima huko Andros. Mfalme Otto wa Ugiriki alitaka kumpa nishani, akaikataa. Chuo kikuu kilipoanzishwa Athens mwaka 1837, akapewa nafasi ya kufundisha falsafa, akaikataa pia. Alitaka kubaki na watoto wake.

Nyumba hiyo ikawa shule ya kweli. Mbali na yatima, walikuja vijana kutoka pande nyingi za Balkani, na masomo yao yalikuwa pamoja na falsafa, hisabati na elimu ya nyota. Mmoja wao alikuwa Mbulgaria ambaye baadaye alijulikana kama Askofu Ilarion Makariopolski. Siku ya Pasaka, tarehe 3 Aprili 1860, katika kanisa la Wabulgaria mjini Constantinople, Ilarion aliendesha ibada bila kulitaja jina la Patriaki Mgiriki kama ilivyopasa. Kwa kunyamaza huko Wabulgaria walijua kwamba safari ya kuwa na kanisa lao imeanza.

Mwalimu wake alikuwa ametangulia kunyamaza, na hapo ndipo msomaji wa maisha haya hukwama. Mwaka 1839 uvumi ulikuwa umeenea kwamba padre wa Andros anawafundisha vijana imani ngeni: Mungu mmoja, muumba wa vyote, asiyehitaji Utatu wala miujiza. Sinodi Takatifu ya Ugiriki ikamtaka atoe ungamo la imani yake. Hakuombwa kitabu. Hakutakiwa kujibu hoja moja moja. Alitakiwa aseme kwamba anaamini yale ambayo kila Mwothodoksi huyatamka katika Kanuni ya Imani, maneno yanayosikika katika kila Liturujia, ambayo watoto huyajua kabla ya kusoma, na ambayo yeye mwenyewe, kwa miaka yote ya upadre wake, lazima alikuwa ameyasema mara zisizohesabika. Angeyasema mara moja zaidi tu, angewanyang'anya washtaki wake silaha yao kubwa.

Hakuyasema. Jibu lake lilikuwa kwamba yeye anafundisha falsafa, hafundishi theolojia. Alipobanwa, alishikilia hapohapo. Mtu aliyekuwa na ufasaha wa kumkaribisha mkuu wa nchi mbele ya taifa hakuwa tayari kutoa kauli moja ambayo moyo wake haukuiafiki. Alipelekwa katika nyumba ya watawa huko Skiathos ajifikirie, kisha akahamishiwa nyingine huko Thira, kisiwa ambacho watalii wa leo hukiita Santorini. Kanisa lilimvua upadre. Mwaka 1842 akaondoka nchini.

Ni vigumu kutompenda mtu wa namna hiyo. Ni vigumu pia kutouliza: na watoto je? Shule ya Andros ilisimama juu ya mabega yake. Yeye ndiye aliyechangisha, yeye ndiye aliyefundisha. Baba wa yatima aliposhika msimamo wake, waliolipa gharama ni wale wasiokuwa na baba mwingine. Je, aliwafikiria alipokuwa amesimama mbele ya maaskofu? Pengine aliwaza kwamba mwalimu anayeapa asichokiamini hana tena cha kuwafundisha.

Lipo na swali la pili, nalo ni gumu kwa wanaomtetea. Mwaka 1852 kilichapishwa London kitabu cha sala na nyimbo za waumini wa Theosebia, uchaji wa Mungu kama Kairis alivyouona. Theosebia ilikuwa na ibada zake, tena kwa lahaja ya kale ya Kidori, na kalenda yake yenye majina mapya ya miezi. Hiyo ni dini, si somo la falsafa tu. Je, mwaka 1839 alijibu ukweli wote, au sehemu yake?

Kairis alikuwa amerejea Andros baada ya nchi kupata katiba mwaka 1844. Lakini katiba hiyohiyo, katika ibara yake ya kwanza, ilipiga marufuku kuwashawishi watu waiache dini ya taifa. Desemba 1852 alishtakiwa Syros pamoja na wafuasi wake wachache, akahukumiwa zaidi ya miaka miwili. Alikuwa mzee na mgonjwa, na kifungo hicho kilikuwa sawa na hukumu ya kifo. Walioitoa hawakuwa na haja ya chokaa.

Leo uwanja wa katikati ya mji wa Andros unaitwa kwa jina lake, na maktaba ya kisiwa pia. Marufuku iliyomfunga haijaondoka. Mwaka 1993, katika kesi ya Minos Kokkinakis, Shahidi wa Yehova aliyekamatwa mara nyingi kwa kuhubiri, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Ugiriki ilikiuka uhuru wake wa dini. Katazo lenyewe bado limo katika ibara ya 13 ya Katiba ya Ugiriki.