Ujumbe wa Kamati ya Hospitali ni Amana

Ndugu msomaji, huenda umepata kuliona jambo hili katika kijiji chako. Watu wametoka katika sala ya Ijumaa, na kabla hawajatawanyika mwenyekiti wa kijiji asimama kutoa tangazo: kamati ya zahanati imemaliza muda wake, watakiwa wajumbe wapya, na mwenye nia aandikishe jina lake. Hapo huwaona watu wakitazamana. Mmoja akumbuka kuwa ana shamba la kupalilia. Wa pili asema kuwa kazi hiyo ni ya wasomi. Wa tatu auliza posho ni kiasi gani, na akiambiwa kuwa mshahara hapana, avaa viatu vyake akaenda zake. Mwisho wa khabari huandikwa majina yale yale ya miaka yote, au huandikwa mtu asiyekuwapo. Kisha baada ya miezi michache mama mmoja ampeleka zahanati mtoto wake mwenye homa, aambiwa dawa hapana, na kijiji kizima chamlaumu mganga na chailaumu Serikali.

Sisi hatusemi kuwa lawama hiyo haina haki hata kidogo. Lakini twaona kuwa yapasa kila mmoja wetu ajiulize kwanza: siku ile lilipotolewa tangazo, mimi nilikuwa wapi? Kwa sababu hiyo tumependa mwezi huu kuwaeleza wasomaji wetu, wazee kwa vijana, kazi ya watu hawa wanaojitolea kuziongoza hospitali za shamba, namna inavyofanywa, na namna inavyoharibika.

Ngazi ya matibabu vijijini

Katika Tanzania matibabu ya vijijini yamepangwa kwa daraja. Chini ipo zahanati ya kijiji; juu yake kipo kituo cha afya, ambacho hulaza wagonjwa; na juu ya hivyo ipo hospitali ya wilaya. Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, ulioanza mwaka 2007, uliweka nia ya kuwa na zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Katika baadhi ya wilaya hospitali za mashirika ya dini nazo zimeingia katika mpango huu kwa mapatano na Serikali, zikawa ndizo hospitali teule za wilaya.

Kila kituo hutakiwa kiwe na kamati yake ya usimamizi, na halmashauri ya wilaya iwe na Bodi ya Afya inayotazama vituo vyote kwa pamoja. Katika kamati huingia wananchi waliochaguliwa miongoni mwa watumiaji wa kituo, pamoja na wawakilishi wa uongozi wa mahali pale, na mganga mfawidhi ndiye katibu. Katika Bodi katibu ni Mganga Mkuu wa Wilaya. Wajumbe wanaotoka kwa wananchi si waajiriwa. Pengine hupata posho ndogo ya kikao, na pengine hata nauli hutoka mfukoni mwao. Wao ni wakulima, wavuvi, walimu waliostaafu na akina mama wenye genge sokoni, na mikononi mwao yamewekwa mambo yanayogusa uhai wa watu.

Mpango huu una historia yake. Mwaka 1978 mataifa yalikutana katika mji wa Alma-Ata na kukubaliana kuwa watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kuendesha huduma za afya zao. Hapa kwetu, mwaka 1996, Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio katika wilaya ya Igunga, mkoani Tabora: kaya zililipa mchango wa mwaka, na Serikali iliongeza fedha kulingana na zilizochangwa, jambo lililojulikana kwa jina la tele kwa tele. Sheria ya mfuko huo ilipitishwa mwaka 2001. Na kwa kuwa watu hawachangi wasipojua fedha zao zaenda wapi, ilionekana kuwa hapana budi wawepo wajumbe wa kuwaangalilia.

Badiliko kubwa lililotokea

Hapo zamani fedha za kuendeshea zahanati zilikaa katika akaunti ya halmashauri, huko mjini. Mganga aliyetaka kuziba bati linalovuja aliandika barua akangoja. Mjumbe wa kamati aweza kusema, na kwa haki, kwamba yeye hana la kusimamia, maana fedha hazioni. Lakini tangu mwaka wa fedha wa 2017/2018 Serikali ilianza kupeleka fedha moja kwa moja katika akaunti ya benki ya kila kituo. Kamati ndiyo hukaa na kupitisha mpango na makadirio ya kituo, na ndiyo hupokea taarifa ya mapato na matumizi.

Basi udhuru wa zamani umeondoka. Mlinzi aliyekuwa akisikia khabari za sanduku lililo mbali, sasa sanduku limewekwa miguuni pake. Akilala, hana wa kumsingizia.

Kazi ya mjumbe ni nini?

Jambo la kwanza ni dawa. Kituo huagiza dawa zake katika Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Kama dawa haikupatikana huko, upo utaratibu wa kununua kwa mshitiri, yaani mfanyabiashara mmoja aliyechaguliwa kwa ajili ya mkoa. Utaratibu huo ulianza Dodoma mwaka 2014 na kufika katika mikoa yote ya Tanzania Bara mwaka 2018. Siku gari la dawa linapofika yafaa wajumbe wawepo. Na tupige mfano: karatasi yasema makasha 10 ya dawa mseto ya malaria, na sakafuni yapo 8. Mjumbe aliyehesabu ataandika 8, na swali litaulizwa siku ile ile. Mjumbe aliyetia sahihi bila ya kuhesabu ameyapoteza makasha mawili kwa kalamu yake, na makasha hayo mawili yalikuwa ya watoto wa jirani zake.

Jambo la pili ni fedha. Mjumbe hahitaji kuwa mhasibu. Yamtosha kuuliza maswali matatu katika kila kikao: Tulianza na kiasi gani? Kimeingia kiasi gani? Kimetoka kwa kazi gani, na iko wapi hati yake? Mtu anayejua kuhesabu mikungu ya ndizi sokoni aweza kuyauliza maswali hayo, na aweza kutambua jibu linapopinda.

Jambo la tatu ni haki ya mnyonge. Kwa mujibu wa sera ya nchi, watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito hawatozwi, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wamesamehewa. Lakini msamaha ulioandikwa Dodoma haumfikii bibi kizee wa kijijini mpaka awepo mtu wa kumtambua na kumsemea. Mtu huyo ni mjumbe.

Jambo la nne, ambalo watu aghalabu hulisahau, ni kumlinda mganga na muuguzi. Kamati si askari wa kumvizia mganga. Muuguzi aliyekesha peke yake na mzazi, kisha asubuhi akakuta maji hapana na nyumba yake yavuja, atauomba uhamisho, naye akiondoka kituo hubaki jengo tupu. Kamati inayohakikisha maji, taa na nyumba ya mtumishi imetibu wagonjwa wengi bila ya kushika sindano.

Namna amana inavyoharibika

Tumepata kuona, wala hatutataja mahali, kamati ambayo muhtasari wa kikao huandikwa na katibu peke yake, kisha daftari likatembezwa nyumba kwa nyumba, na wajumbe wakatia sahihi kikao ambacho hawakukikalia. Walipoulizwa, walisema kuwa walimwonea muhali katibu, kwa kuwa ni mtu mwema na ndiye aliyewatibia watoto wao. Maskini! Hawakujua kuwa kama katibu ni mwema wamemnyima ushahidi wa wema wake, na kama si mwema wamempa kifuniko.

Wako wengine ambao hawaibi hata senti moja, lakini ujumbe wameufanya mlango wao wa uani. Jamaa zao hawapangi foleni. Dawa iliyo chache huwekewa nyumba zao. Hayo nayo ni khiyana, ijapokuwa hayaonekani katika daftari. Na wako wanaoingia ili wapate njia ya udiwani, wakadhani kila kikao ni mkutano wa kampeni.

Kijiji changu au wilaya nzima?

Lipo jambo moja zito zaidi, nalo humpata mjumbe wa Bodi ya wilaya. Fedha za gari moja la wagonjwa zimepatikana, na vituo vinavyolitaka ni vingi. Mjumbe atokaye kijiji fulani atapigania kijiji chake, na akirudi mikono mitupu ataitwa msaliti. Afanye nini?

Katika kulifikiri jambo hili yafaa tutazame mfano wa mbali, katika jimbo la Saskatchewan nchini Kanada. Huko, mwaka 1916, ilipitishwa sheria iliyowaruhusu wakulima wa wilaya kadha kuungana, kujitoza kodi na kujenga hospitali moja iliyoongozwa na bodi ya watu wao. Mwaka 1946 wilaya za upande wa Swift Current ziliungana, zikaanzisha bima ya matibabu kwa wakazi wote; na mwaka 1962 jimbo zima likafuata njia hiyo. Wakulima wasiokuwa na tajiri miongoni mwao walipata waganga, kwa sababu kila mmoja alikubali kuchangia hospitali ambayo pengine haikujengwa mlangoni pake.

Lakini mfano huo una upande wa pili. Mwaka 1993 serikali ya jimbo, iliyokuwa na deni kubwa, iliondoa fedha za kulaza wagonjwa katika hospitali ndogo 52 za vijijini, na manung'uniko yakawa makubwa. Kisha mamlaka za afya zikapunguzwa mara kwa mara, hata mwaka 2017 yakabaki mamlaka moja kwa jimbo zima. Sisi twajifunza hapa mambo mawili. Nguvu ya vijiji imo katika kuungana. Na pale uamuzi unapohamia mbali sana, mwanakijiji hana tena mlango wa kubisha. Mjumbe wa Bodi husimama baina ya hayo mawili. Wajibu wake ni kuieleza Bodi shida ya watu wake kwa ukweli wote, kisha kuamua kwa kutazama ni wapi watu wengi zaidi watakufa gari lisipokuwepo. Na akirudi kijijini awaeleze sababu waziwazi. Watu wetu si wajinga. Wanachokasirikia ni kufichwa.

Ndugu zetu wa Kenya nao wana somo katika jambo hili. Baada ya serikali za kaunti kuanza mwaka 2013, katika kaunti nyingi fedha zilizokusanywa hospitalini zilivutwa katika mfuko wa kaunti, na vituo vikabaki vikiomba. Mwaka 2023 ilipitishwa sheria ya kuviachia vituo vya umma fedha vinazokusanya, chini ya usimamizi wa bodi na kamati zao. Hivyo mzigo wa mjumbe umekuwa mzito huko kama ulivyo huku.

Si jambo geni kwetu

Wala mtu asidhani kuwa kazi hii imetujia kutoka ng'ambo. Mjini Cairo, mwaka 1284, Sultani Qalawun alikamilisha hospitali kubwa, akaiwekea wakfu wa mali yenye kuiendesha, ili itibu tajiri na maskini, wanaume na wanawake. Wakfu haukujiendesha wenyewe. Ulikuwa na msimamizi aliyewajibika kutazama kuwa pato lafika kwa mgonjwa. Na tarehe yatuonyesha kuwa wakfu nyingi za Waislamu ziliharibika bila ya moto wala vita. Ziliharibiwa na wasimamizi waliokula na majirani walionyamaza.

Twawageukia sasa nyinyi akina mama. Nyinyi ndio mpelekao watoto kliniki, nyinyi ndio mjuao ni siku gani mizani haifanyi kazi na nani alitozwa asichostahili kutozwa. Kamati isiyo na mama mwenye kusema ni kamati yenye jicho moja. Na nyinyi baba wenye nyumba, mke au binti akichaguliwa, msimzuie kwa kisingizio cha vikao. Mwangalilieni watoto saa mbili zile, nanyi mtakuwa mmeshiriki.

Nanyi vijana mliomaliza shule, msingoje mpaka mvi ziote. Wazee wana busara na wanawajua watu. Nyinyi mwajua kusoma hesabu na kuandika. Mjumbe mzee akikaa na kijana mwenye kalamu, hati ya uwongo haipiti baina yao kwa wepesi.

Basi, ndugu msomaji, tangazo litakaposomwa tena katika kijiji chako, usitazame viatu vyako. Ikiwa unao wasaa, simama. Ikiwa huna, mchague mtu unayemwamini hata kumwachia funguo za nyumba yako, kisha uhudhurie mkutano anapotoa taarifa yake, umuulize kwa adabu, na umshukuru akifanya vyema. Twamwomba Mwenyezi Mungu awape wajumbe wetu moyo wa kuogopa dhulma, awalipe kwa siku walizoacha mashamba yao kwa ajili ya wagonjwa wasio jamaa zao, na atujaalie sote kuwa watu wa kutunza amana. Amin.