Bastola ya Zamani na Bastola Mpya: Ipi Hatari Zaidi?



Bastola ya silinda, ambayo wengi huiita rivolva, ni miongoni mwa silaha zinazodumu kuliko watu walioinunua. Yaweza kufukuliwa shambani, kukutwa darini katika nyumba ya marehemu, au kuvushwa mpakani ndani ya gunia la vyuma chakavu. Mbele ya silaha kama hiyo watu huwa na mawazo mawili. Mmoja husema: "Hii ni ya enzi za wakoloni, haiwezi kitu tena." Mwingine, ambaye pengine ana kibali cha kumiliki silaha, huamini kwamba toleo la zamani lilifuliwa kwa chuma imara, kwa hiyo ni bora kuliko jipya. Makala haya yanawajibu wote wawili: kati ya toleo la zamani na toleo jipya la bastola ileile, la zamani ndilo la kuogopwa zaidi.

Ili tuelewe sababu, tutazame kwanza jinsi bastola hiyo inavyofanya kazi. Silinda yake huzunguka, nayo ina matundu ya risasi, kwa kawaida matano au sita. Nyuma yake ipo nyundo ndogo. Kifyatulio kivutwapo, nyundo huanguka na kupiga fataki iliyo kwenye kitako cha risasi. Fataki huwasha baruti, na risasi hutoka kupitia mtutu. Hatari ya toleo la zamani imo katika nyundo hiyo.

Tuchukue Colt ya mwaka 1873, iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka huohuo na kuigwa duniani kote. Nyundo yake ikilazwa, ncha yake hukaa juu kabisa ya fataki. Bastola ikianguka chini, au nyundo ikigongwa na kitu, risasi yaweza kutoka bila mtu yeyote kugusa kifyatulio. Ndiyo maana watumiaji waangalifu wa zamani hizo walitia risasi tano tu katika matundu sita, na kuilaza nyundo juu ya tundu tupu.

Mfano wa pili ni rivolva ya Smith & Wesson iliyoanza kutengenezwa mwaka 1899 kwa ajili ya majeshi na polisi. Hiyo ilikuwa na kizuizi cha ndani, na kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa salama. Lakini mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, bastola ya aina hiyo ilianguka juu ya sitaha ya chuma ya meli ya kivita ya Marekani, ikafyatuka na kumuua baharia. Kampuni haikungoja vita viishe. Kabla ya mwaka huo kwisha ilikwisha kubuni kizuizi kipya: kipande cha chuma kinachokaa kati ya nyundo na risasi, kisichoondoka hadi kifyatulio kivutwe kikamilifu. Mwaka 1973 kampuni ya Ruger nayo iliingiza mtambo wenye lengo hilohilo katika bastola zake, na wenye zile za zamani wakakaribishwa kuzirudisha kiwandani zirekebishwe bila malipo.

Mabadiliko hayo yamo ndani. Kwa nje, bastola iliyotengenezwa kabla ya 1944 na iliyotengenezwa baadaye hufanana kama mapacha, na asiye fundi hawezi kuzitofautisha kwa kuzitazama.

Umri nao huongeza mengine. Kutu hula sehemu za ndani, springi hulegea, na silinda huacha kulingana sawasawa na mtutu. Risasi zilizokaa kwenye unyevu huwa hazitabiriki. Nyundo yaweza kupiga fataki, pakawa kimya, kisha risasi ikatoka sekunde chache baadaye wakati mtu amekwisha kuigeuza bastola kuichungulia. Wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini. Na bastola iliyochakaa kwa nje yaweza kuwa na risasi iliyo hai tumboni mwake.

Kwa mwenye kibali, basi, shauri letu ni hili. Achague toleo lenye kizuizi cha nyundo, alipeleke kwa fundi aliyeidhinishwa likaguliwe, na atumie risasi za aina iliyoandikwa kwenye silaha yenyewe, si zinazofanana nazo. Wakati wa vita vile, Smith & Wesson ilitengeneza bastola moja kwa risasi za aina mbili tofauti, moja kwa Waingereza na nyingine kwa Wamarekani, na zote mbili huitwa ".38". Mwishowe, silaha ifungiwe kwa kufuli, na risasi zihifadhiwe mahali pengine.

Kwa asiye na kibali, hakuna uchaguzi wa kufanya. Sheria ya silaha ya mwaka 2018 haimruhusu raia wa kawaida kukaa na bastola bila idhini, na kuivusha mpakani ni kujitafutia mashtaka katika nchi mbili. Rwanda, pamoja na majirani zake Uganda, Tanzania, Burundi na Kongo, ilitia saini Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004 kuhusu silaha ndogondogo. Itifaki hiyo inataka silaha zitiwe alama na kuandikwa katika kumbukumbu, ili ikitumika katika uhalifu ijulikane ilikotoka. Bastola kuukuu iliyofichwa darini haimo katika kumbukumbu hizo. Kwa sababu hiyo mhalifu huitamani, na siku ikitumika kuua, wa kwanza kuulizwa atakuwa yule aliyekuwa nayo.

Ukiikuta silaha ya namna hiyo, tafadhali fanya yafuatayo:

Usiiguse, usiitikise, wala usijaribu kutoa risasi. Usiibebe kuileta kituoni, hata kama umeifunga kwa kitambaa.

Waondoe watoto na mifugo mahali hapo, uweke alama inayoonekana kwa mbali, na mtu mzima mmoja akae kandokando kuzuia wapitao.

Piga simu 112 bila malipo, au mwarifu kiongozi wa mudugudu wako au kituo cha polisi kilicho karibu. Eleza mahali, ulichokiona, na ni nani amekwisha kukigusa.

Usimwuzie mnunuzi wa vyuma chakavu. Nyundo ya mhunzi na moto wa kuyeyushia chuma ni njia mbili za hakika za kuilipua risasi iliyosahauliwa.

Wengine huogopa kutoa taarifa wakidhani watashukiwa. Tunawaomba wapime: aliyekuja mwenyewe kueleza alichokikuta shambani ana maelezo mepesi kuliko aliyekutwa nacho chini ya kitanda. Baada ya umuganda mtakapokusanyika, lizungumzeni jambo hili, hasa na wazee wanaozikumbuka nyumba za zamani na wale waliotumikia majeshi ya nyakati zilizopita. Neno moja la mzee kuhusu kilichofichwa darini laweza kuokoa maisha ya mjukuu wake.