Dhamana Isiyo na Mwisho na Waliojua Kuitumia

Dhamana ya kuridhika ni ahadi ya mwenye duka kwamba mteja asiyependezwa na alichonunua atakirudisha na kupewa fedha zake. Haifanani na waranti ya redio au friji, ambayo hugusa ubovu wa kiwandani tu, na kwa muda uliotajwa. Huko Marekani, ambako ahadi hii ilistawi kuliko kwingine, baadhi ya maduka yaliitoa bila kikomo chochote: kitu kiliweza kurudishwa baada ya mwaka mmoja, mitano au hata ishirini.

Chimbuko lake ni biashara ambayo mnunuzi hakuweza kuijaribu bidhaa kabla ya kulipa. Mwaka 1868 J. R. Watkins wa Minnesota alianza kuuza dawa ya kuchua, na chupa zake zikaja kuwa na alama ubavuni. Mnunuzi aliyejaribu dawa bila kuvuka alama hiyo aliweza kurudisha chupa na kupata fedha zake. Mwaka 1912, Leon Leonwood Bean wa jimbo la Maine aliuza kwa posta jozi 100 za buti za wawindaji, chini mpira na juu ngozi. Jozi 90 zilirudi kwa sababu mpira uliachana na ngozi. Bean alirudisha fedha zote, akakopa, akarekebisha buti, na kampuni ya L.L.Bean ikajengewa jina juu ya hasara hiyo. Mnunuzi wa sokoni Kariakoo au Gikomba huvuta mshono, hukunja soli na kubishana bei kabla ya kutoa hela. Mnunuzi wa posta hakuwa na nafasi hiyo. Dhamana ndiyo iliyosimama mahali pa mkono wake.

Kwa miaka mingi ahadi hiyo iliwalipa wenye maduka. Wateja wengi hawarudishi kitu hata pale wanapokuwa na haki: safari ni ndefu, risiti imepotea, na kusimama kaunta na kiatu kilichochakaa kunaleta haya. Wakati huohuo, sifa ya duka lisilobishana huvuta wanunuzi wapya bila gharama ya matangazo. Duka la Nordstrom limesimuliwa kwa miongo kadhaa kwa kisa cha Fairbanks, Alaska, katika miaka ya 1970, ambako mtu alirudisha matairi na kulipwa, ingawa Nordstrom halikuuza matairi. Yalikuwa yameuzwa na kampuni iliyokuwa na duka pale kabla yake. Kisa hicho kililiingizia duka faida kubwa kuliko bei ya matairi yale.

Tatizo liko katika neno lenyewe la kuridhika, ambalo halina kipimo. Mteja anayerudisha koti alilolivaa miaka kumi na miwili, akisema halimpendezi tena, hajavunja sharti lolote lililoandikwa. Ameyasoma maneno ya duka kama yalivyo. Ndiyo maana si haki kuwaita wote wezi. Wapo wezi kweli, wanaorudisha boksi lenye tofali au kughushi risiti, lakini kundi lililozisumbua zaidi dhamana hizi ni la watu wa kawaida waliogundua mlango ulio wazi. Mmoja hununua gauni la sherehe, huficha lebo ya bei ndani ya shingo, hulivaa usiku mmoja na kulirudisha Jumatatu. Mwingine hununua televisheni kubwa siku chache kabla ya Super Bowl, fainali ya kandanda ya Kimarekani, na fainali ikipita, televisheni inarudi dukani. Kwa kweli amekodi bila kulipa kodi.

Duka la Costco lilikuwa miongoni mwa majina makubwa ya kwanza kuumia hadharani. Bei za televisheni zilikuwa zikishuka kila mwaka, hivyo mteja aliweza kurudisha ya zamani kwa bei aliyoinunulia, akachukua mpya iliyo kubwa zaidi, na bado akabaki na chenji. Mwaka 2007 duka hilo liliweka siku 90 kwa vifaa vya elektroniki, huku bidhaa nyingine nyingi zikiachwa na dhamana ya zamani. REI, ushirika unaouza vifaa vya kambi na kupanda milima, ulifuata mwaka 2013 kwa kuweka mwaka mmoja kwa wanachama wake. Kufikia hapo watu walikuwa wakitania kwamba herufi za jina lake zinamaanisha kampuni ya kukodisha vifaa.

L.L.Bean lilivumilia hadi tarehe 9 Februari 2018. Siku hiyo lilitangaza kwamba dhamana itakuwa ya mwaka mmoja, na kwa mwenye uthibitisho wa manunuzi. Kampuni ilieleza kuwa baadhi ya watu walikuwa wakinunua bidhaa zake kuukuu kwenye mauzo ya uani, kisha kuzirudisha dukani na kudai fedha. Hasara ilitajwa kuwa dola milioni 250 katika miaka mitano. Baadhi ya wateja walikwenda mahakamani wakidai kuwa ahadi iliyotangazwa kwa karne nzima ni mkataba, lakini kampuni ilikuwa imeshaeleza kwamba vitu vilivyonunuliwa kabla ya tarehe hiyo, vikiwa na uthibitisho, havitafungwa na kikomo kipya.

Maduka mengine yameshughulikia mwanya badala ya ahadi. Mwaka 2013 Bloomingdale's lilianza kubandika lebo kubwa nyeusi za plastiki mahali panapoonekana kwenye magauni ya bei. Ikishatolewa, gauni halirudi. Maduka kadhaa hutumia kampuni ya The Retail Equation, ambayo huhifadhi kumbukumbu za marejesho ya kila mteja kupitia kitambulisho chake, na mwenye marejesho ya kutiliwa shaka huambiwa papo hapo kaunta kwamba hatapokelewa tena. Hapo ndipo mteja mwaminifu huumia: mama aliyenunulia watoto nguo saizi isiyofaa mara kadhaa anaweza kuonekana kwenye kompyuta sawa na mlaghai, na karani hana uwezo wa kumsaidia.

Leo, kitu cha L.L.Bean kilichopita mwaka hufikiriwa tu ikiwa kina kasoro ya malighafi au ya utengenezaji, na uchakavu wa kawaida hauhesabiki. Maneno hayo ni ya waranti, si ya dhamana ya kuridhika tena. Anayenunua popote pale asome masharti ya marejesho kabla ya kulipa, na atunze risiti.