Nani Anayezipanga Chembe?

Katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja nje ya mji wa Dodoma, tulitoka na watoto kuokota mchanga mweusi uliobaki korongoni baada ya mvua. Tuliunyunyiza juu ya karatasi iliyofunika sumaku, nao ukajipanga mistari mistari. Mtoto mmoja akauliza: "Mwalimu, nani anayezipanga chembe?" Tukajibu upesi, "Sumaku," tukaendelea na somo. Jibu hilo halikutosha. Kila chembe ilikuwa imegeuka sumaku ndogo, ikivutana na nyingine ncha kwa ncha na kuisukuma ile ya ubavuni.

Jambo hili huonekana vizuri zaidi majini. Mwalimu azisugue sindano sita kwa ncha moja ya sumaku, kwa kuelekea upande mmoja, azichomeke wima katika vipande vya moyo wa bua la mtama, ncha za aina moja zikiwa juu, kisha azieleshe katika beseni la plastiki (la chuma litaharibu jaribio). Zitasukumana na kutawanyika. Ncha ya sumaku iliyo kinyume na zile za juu ikishikwa juu ya katikati ya beseni, zitakusanyika: tatu hufanya pembetatu, nne mraba, na katika sita, tano huizunguka moja. Alfred Mayer wa Marekani alilieleza jaribio hili mwaka 1878.

Siku hizi wanasayansi hupanga hata molekuli zenye usumaku. Mojawapo ni fthalosayanini ya chuma, molekuli bapa yenye mikono minne na atomu moja ya chuma katikati. Ndugu yake yenye shaba hutiwa katika wino wa buluu wa kuchapia. Huvukizwa ndani ya chombo kisicho na hewa, zikatua juu ya dhahabu safi na kujipanga kama vigae. Hadubini inayoweza kuzionyesha ilibuniwa na Gerd Binnig na Heinrich Rohrer huko Zürich mwaka 1981.

Hapa mwalimu hana budi kuwa mwangalifu. Usumaku wa molekuli hizo ni hafifu mno kuweza kuzipanga. Zinapangwa na mvuto wa dhahabu, na umbo lao, na jinsi kingo zao zinavyokutana. Usumaku hubebwa tu na atomu ya katikati. Watafiti wanatumaini kwamba, kila atomu ikiwa mahali pake panapojulikana, huenda habari ikahifadhiwa katika molekuli moja moja. Sindano, basi, zinafanana nazo kwa mpangilio, si kwa sababu.

Juma lililofuata tulirudi darasani na beseni, tukamwambia mtoto yule kwamba tulimjibu vibaya.