Beringi za nyuma: Bei ya chini yaweza kuwa gharama kubwa

Wenye magari ya kasi wanaoishi Mapinga na kufanya shughuli zao Dar es Salaam hutumia barabara mbili kwa siku moja: lami ya Bagamoyo kwa mwendo mkubwa, kisha njia za mchanga zinazoingia kwenye viwanja. Wakati wa masika njia hizo hujaa madimbwi. Maji na mchanga vikipenya kwenye sili, grisi huharibika na beringi huanza kulia.

Kwa mfanyabiashara, swali ni kipi kinunuliwe: beringi peke yake, habu nzima mpya, au habu ya mtumba? Jibu hutegemea aina ya gari na hesabu ya matumizi, si bei ya dukani pekee.

Hakikisha ugonjwa kwanza

Beringi iliyochoka hutoa mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyoongezeka, na mara nyingi hubadilika gari linapokata kona. Tairi lililolika vibaya nalo huvuma hivyo hivyo. Kabla ya kutoa fedha, mwambie fundi abadilishane matairi ya mbele na ya nyuma. Mvumo ukihama, tatizo ni tairi. Usipohama, gari liinuliwe kwa jeki, gurudumu litikiswe juu na chini, kisha lizungushwe kwa mkono. Likicheza au likikwaruza, usiliendeshe zaidi, kwani beringi iliyokufa kabisa inaweza kuliachia gurudumu barabarani.

Jua gari lako

Chukua mfano wa Subaru Impreza. Zile za miaka ya 1990 hutumia beringi inayoshindiliwa kwa mashine ya presi ndani ya nyumba yake. Kizazi kilichotoka mwaka 2007 hutumia habu na beringi vilivyoungana, vinavyofungwa kwa bolti. Aina ya kwanza spea yake ni nafuu lakini kazi ni kubwa. Ya pili spea ni ghali zaidi, ila kazi ni nyepesi na nafasi ya fundi kukosea ni ndogo.

Kuna mtego mwingine. Impreza nyingi zina bolti tano za tairi kwenye duara la milimita 100, lakini WRX STI kuanzia toleo la 2005 duara lake ni milimita 114.3. Anayenunua habu kwa kutaja jina la gari tu anaweza kurudi na spea isiyokubali rimu zake. Nenda na namba ya chasisi, na ikiwezekana spea ya zamani.

Habu ya zamani irudishwe lini? Iwapo sehemu inapokaa beringi ni laini na haijalika, inafaa. Ikiwa imechimbika au beringi ilikuwa ikizunguka juu yake, nunua nyingine, kwani beringi mpya haitashika.

Hesabu ya fedha

Tuseme, kwa bei za mfano tu, beringi ya kubahatisha ni Sh 40,000 na inadumu miezi 4, na iliyo halisi ni Sh 110,000 na inadumu miezi 24. Ufundi ni Sh 30,000 kila mara. Ya kwanza itakugharimu Sh 17,500 kwa mwezi. Ya pili takriban Sh 5,800. Hapo hatujahesabu siku ambazo gari limelala gereji. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Habu ya mtumba inaweza kufaa kwa gari adimu, lakini mnunuzi hajui imetembea kilomita ngapi. Izungushe na kuisikiliza, na usilipe bei inayokaribia ya mpya.

Kujikinga na feki

Majina kama Koyo, NSK, NTN na SKF huigwa sana. Boksi zuri si ushahidi. Tazama maandishi kwenye chuma chenyewe: yawe safi, na yalingane na ya kwenye boksi. Dai risiti yenye namba ya spea. SKF ina programu ya simu ya kuhakiki bidhaa zake, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya bidhaa bandia.

Kazi ya fundi

Beringi halisi huharibiwa kwa nyundo. Inapoingizwa kwenye nyumba yake, isukumwe kwa pete ya nje. Habu inapoingia, pete ya ndani ishikiliwe. Vinginevyo gololi hupokea mzigo na kuacha alama, na mvumo hurudi mapema. Kwa gari lenye ABS, beringi nyingi zina upande wenye sumaku, nao lazima uelekee kwenye kihisio. Nati ya ekseli iwe mpya, ikazwe kwa spana ya kupimia.

Kwa mwenye duka

Habu za magari ya kasi hutoka polepole na hufunga mtaji. Mwenye mtaji mdogo ni heri azilete kwa oda yenye malipo ya awali, na fedha zake aziweke kwenye beringi za pikipiki na pampu za maji. Hizo husomeka kwa namba: katika 6205, tarakimu mbili za mwisho mara tano ni tundu la milimita 25, 6206 ni milimita 30. Ajuaye kusoma namba hauziwi kwa jina.