Sukari Isiyo ya Mtoto: Maziwa ya Mama na Vijidudu Vizuri vya Tumboni

  Leo tuzungumze juu ya kitu kilicho ndani ya maziwa ya mama ambacho mtoto mwenyewe hawezi kukisaga, lakini kinamlinda.

Juzi kliniki, mama mmoja alileta mtoto wa miezi mitatu aliyekuwa akiharisha. Nilipomuuliza anampa nini, alijibu, "Ni titi tu sista, na uji mwepesi wa wimbi, kwa sababu maziwa yangu ni kama maji." Nyanya ya mtoto ndiye aliyemshauri, tena kwa mapenzi. Sikumlaumu yeyote. Tulimpa mtoto ORS na zinki huku akiendelea kunyonya, akapona. Kisha nikamweleza mama haya ninayokueleza wewe.

Maziwa ya mama yana sukari za namna mbili. Ya kwanza ni laktosi, karibu gramu 70 katika kila lita. Hii husagwa katika utumbo mdogo na kumpa mtoto nguvu. Ya pili huitwa oligosakaridi. Jina ni refu, lakini usiogope. Ni sukari ndogo ndogo zilizoshikana kama shanga katika uzi. Wataalamu wametambua aina zaidi ya 150. Lita moja huwa na kati ya gramu 5 na 15, na katika yale maziwa ya kwanza ya manjano huwa nyingi zaidi. Maziwa ya ng'ombe yana kidogo sana.

Mtoto hawezi kuzikata shanga hizi. Hupita tumboni na kufika katika utumbo mpana karibu zote zikiwa nzima. Je, mama anahangaika bure? La! Huko kuna wageni wanaozingoja: vijidudu vizuri viitwavyo bifidobakteria. Daktari Henri Tissier wa Paris aliviona katika choo cha watoto wanaonyonya zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Aina moja, infantis, ni hodari kupita nyingine. Huivuta sukari hadi ndani ya mwili wake, kisha ndipo huikata kipande kwa kipande. Ni kama mtu anayeingia na sahani yake nyumbani na kufunga mlango. Makombo hayabaki nje kwa vijidudu vibaya.

Baada ya kula, vijidudu hivi hutoa asidi mbili: ile iliyo katika siki, na ile inayofanya maziwa lala kuwa machungu. Utumbo ukiwa na uchachu huo, vijidudu vingi vya kuharisha hushindwa kuzaana. Asidi hizo pia husaidia ukuta wa utumbo kuwa imara. Isitoshe, baadhi ya sukari hizi hunasa vijidudu vibaya kabla havijashika utumbo, vikatoka na choo.

Kwa hivyo mama, maziwa yako yakionekana mepesi, si maji. Yanalisha mtoto pamoja na walinzi wake. Ukimpa uji au maji mapema, unajaza tumbo lake dogo, ananyonya kidogo, walinzi wanakosa chakula, na maji au kikombe kichafu vinaleta adui.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hapa Kenya watoto 60 kati ya 100 walio chini ya miezi sita hunyonya maziwa ya mama pekee. Mwaka 2008-09 walikuwa 32. Tumepiga hatua, lakini je, wako yumo?

Mambo ya kukumbuka:
- Mnyonyeshe ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Usikamue na kumwaga maziwa ya manjano.
- Miezi sita ya kwanza ni titi pekee, bila maji, glukosi wala uji. Dawa aliyoandikiwa mpe.
- Usimnunulie antibiotiki bila kuandikiwa. Huua vijidudu vibaya na vizuri pamoja.
- Ikiwa unaishi na virusi vya ukimwi, meza dawa zako kila siku na ufuate ushauri wa kliniki kuhusu kunyonyesha.
- Mtoto akiharisha, akiwa na damu katika choo au akikataa kunyonya, mpeleke hospitali mara moja.

Mweleze na nyanya ya mtoto, kwa heshima. Hadi kipindi kijacho, kwaheri.