Gesi Haiishi

Katika chumba cha kusubiria cha ofisi moja Upanga, Dar es Salaam, kuna ndoo ya rangi ya lita 20 iliyokaa chini ya kiyoyozi. Imekaa hapo siku nyingi mpaka imekuwa samani. Ubavuni mtu kaiandika kwa makapeni herufi mbili, AC, ili isichukuliwe kwenda kupigia deki. Asubuhi mama wa usafi huimwaga, saa tisa alasiri huimwaga tena, na kati ya hapo matone hufuatana huku wageni wakisogeza viti vyao bila kulalamika. Kwenye kiyoyozi chenyewe kumebandikwa karatasi yenye jedwali: tarehe, jina la fundi, sahihi. Mistari ya juu imejaa. Miezi mitatu, miezi mitatu, miezi mitatu, mwandiko uleule. Kisha tarehe zinaruka miezi minane. Kisha mwaka na ushei, kwa kalamu nyingine. Baada ya hapo ni mistari mitupu mpaka chini.

Nilikuwa nasubiri muhuri, na kwa saa mbili nikaisoma karatasi ile mara nne, kwa kuwa hapakuwa na gazeti. Hakuna siku ambayo mtu alikaa kikao akaamua kwamba mashine hii isitunzwe tena. Utunzaji ulififia tu. Kilichobaki ni kuitwa kwa fundi siku mambo yakiharibika, na hata kuitwa huko kumegeuka kuwa jambo jingine kabisa, ambalo ndilo ninalotaka kulichambua.

Tuanze na maji ya ndoo. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Huchukua joto la chumbani na kulitupa nje, na katika kazi hiyo hukamua unyevu wa hewa. Willis Carrier alipobuni mashine yake mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York, shida aliyoitiwa ilikuwa unyevu: karatasi zilitanuka na kunywea, rangi zikawa hazikai mahali pake. Kwa hewa ya pwani yetu, iliyojaa maji kuanzia Desemba hadi mvua za masika, mashine ya chumba kimoja hukamua lita kadhaa kwa siku. Maji hayo yamewekewa kipira chake cha kuyapeleka nje. Yakimwagikia ndani, mara nyingi ni moja kati ya mawili: kipira kimeziba kwa utelezi na vumbi, au koili iliganda barafu na sasa barafu inayeyuka.

Na nyuma ya yote mawili, mara nyingi, ni chujio. Inua kifuniko cha mbele utaliona, wavu mwembamba wa plastiki unaochomoka kwa mkono. La ofisi kama ile huwa limevaa blanketi la kijivu la vumbi la barabarani, nyuzi za mapazia na nywele, zito kiasi cha kubanduka vipande vipande. Hewa haipiti. Koili iliyo nyuma yake, isipopata joto la kutosha la chumba, hupoa kupita kiasi, unyevu unaganda juu yake, barafu nayo inazidi kuziba hewa. Kuliosha chini ya bomba ni kazi ya dakika kumi, kisha likaushwe kivulini. Halihitaji fundi. Halihitaji hata bisibisi.

Wizara ya Nishati ya Marekani imekuwa ikieleza kwamba kuondoa chujio lililoziba na kuweka safi kunaweza kushusha umeme unaoliwa na kiyoyozi kwa asilimia 5 hadi 15. Kwa lugha ya LUKU, mita za umeme wa kulipia kabla za TANESCO, ni hivi. Mashine ya BTU 12,000, ya chumba cha kulala cha kawaida, hula takriban yuniti moja kwa saa kompresa ikiwa inafanya kazi. Mashine safi, ikishafikisha nyuzi ulizotaka, kompresa hukata na kupumzika (zile za inveta hupunguza mwendo badala ya kukata, lakini kanuni haibadiliki). Iliyoziba haizifikii nyuzi hizo, basi haipumziki, na wewe umelala. Asubuhi unailaumu TANESCO.

Kipande cha nje cha kiyoyozi nacho kina maradhi yake. Upanga, Masaki, Msasani, hata Mikocheni, upepo wa bahari unaleta chumvi. Vibati vyembamba vya alumini vilivyobana mabomba ya shaba huliwa taratibu mpaka vinasagika mkononi kama unga wa chokaa. Kabla ya kufika huko hujaa vumbi na majani, joto likakosa pa kutokea, kompresa ikafanya kazi ikiwa na homa. Umeme ukishuka jioni, wakati mtaa mzima umewasha, kompresa hiyo hiyo hujaribu kuwaka ikashindwa, ikajaribu tena. Kapasita huvimba kwanza. Hiyo ni bei ndogo. Kompresa ikiungua, hapo ndipo watu huanza kuulizia bei ya AC mpya.

Lakini kabla ya hapo huwa ameshakuja fundi, na huwa ameshasema maneno yake matatu: "Bosi, gesi imeisha."

Hapa lugha yetu imetuponza. Neno gesi tumelizoea kwenye mtungi wa jikoni, na gesi ya mtungi kweli huisha, maana inaungua. Gesi ya kiyoyozi haichomwi wala hailiwi. Inazunguka ndani ya bomba lililofungwa: inachemka kwenye koili ya ndani na kubeba joto la chumba, inakandamizwa na kompresa, inarudi kuwa kimiminika kwenye koili ya nje na kuliachia joto hilo barabarani, kisha inaanza upya. Iliyokuwemo siku mashine inafungwa ndiyo inayotakiwa kuwemo siku inapotupwa. Tazama friji ya mama yako. Imekaa miaka 15 jikoni, nani aliwahi kuijaza? Kwa hiyo gesi ikipungua haikuisha, imetoroka, na palipotoroka pana tundu. Kuongeza bila kulitafuta tundu ni kumimina maji kwenye pakacha, na wako watu wenye kazi zao nzuri na elimu zao wanaomimina hivyo kila mwaka, wakiamini ndiyo sevisi.

Tena kuna jambo baya zaidi, na silisemi ili kuwatukana mafundi. Chujio likiziba, geji ya fundi husoma chini, sawasawa na inavyosoma gesi ikiwa imepungua. Barafu kwenye koili nayo hutokea kwa sababu zote mbili. Fundi asiyefungua kifuniko kwanza anaweza kuamini kwa moyo safi kwamba gesi imepungua, akaongeza, na kumbe ilikuwa kamili. Sasa imezidi. Siku chujio litakapooshwa, presha itapanda kupita inayostahili na kompresa itabeba adhabu. Mteja alilipa ili mashine yake iuawe, na akashukuru, kwa sababu jioni ile chumba kilipoa kidogo.

Ukitafuta mizizi ya mporomoko huu, usianzie kwenye uaminifu wa mtu mmoja mmoja. Anzia kwenye malipo. Fundi hulipwa kwa kuja, na hulipwa zaidi kwa kutia kitu. Fundi mwaminifu anayesema "AC yako nzima, ilikuwa chujio tu" huondoka na nauli na shukrani. Mwenzake anayefungua mtungi huondoka na hela ya wiki. Mtaa ukiendeshwa hivyo kwa miaka kumi, utabaki na fundi wa aina gani? VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inafundisha ufundi wa majokofu na viyoyozi, na wanaotoka huko wanajua ninachokisema kuliko mimi. Wakifika sokoni wanakuta mteja anayepima fundi kwa ukubwa wa mtungi aliobeba.

Dalili ya pili inaonekana siku ya kufunga mashine. Bomba jipya limejaa hewa na unyevu, na kanuni ni kuvitoa kwa pampu ya vakyumu kabla ya kuifungulia gesi. Pampu ni nzito na inachukua muda. Njia ya mkato ni kulegeza nati, kuachia gesi kidogo ya mashine yenyewe isukume hewa, kisha kukaza. Dakika moja, kazi imekwisha. Unyevu uliobaki ndani hukutana na mafuta ya kompresa, na mafuta yanayotumika na gesi za kisasa kama R410A ni yale yanayonywa maji kwa pupa. Hutokea asidi, na asidi hula nyaya za kompresa kwa miaka, kimya kimya. Ikifa, tunasema vitu vya siku hizi feki. Vingine kweli ni feki. Hii ilifungwa vibaya.

Na gesi yenyewe haiendi pahala pema. R22, iliyotawala viyoyozi vyetu kwa miongo, inatoboa tabaka la ozoni, na kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 matumizi yake yanabanwa: kwa nchi zinazoendelea yalisimamishwa yasipande mwaka 2013, yakatakiwa kupungua kwa asilimia 35 ifikapo 2020, asilimia 67.5 ifikapo 2025 na asilimia 97.5 ifikapo 2030. Zilizokuja baadaye haziigusi ozoni lakini zinapasha dunia joto. Kilo moja ya R410A ikivuja ni kama tani mbili za hewa ya ukaa. Ndiyo maana mataifa yalikutana Kigali Oktoba 2016 na kukubaliana kuzipunguza nazo. Gesi tunayoimimina kwenye pakacha inazidi kuwa adimu. Mashine nyingi mpya zinakuja na R32, ambayo ina madhara madogo zaidi lakini inaweza kushika moto. Sijui kwa nini hilo haliwatishi wanaolegeza nati kwa mazoea.

Ndugu zetu walioko Marekani, Minneapolis au Columbus, wana mashine ya pili ya kushughulikia, tanuru la kupasha nyumba joto, na katika nyumba nyingi hewa ya tanuru na ya kiyoyozi hupita kwenye chujio lilelile. Kabla ya majira ya baridi fundi huja kulikagua tanuru, maana ukuta wa chuma unaotenganisha moto na hewa ya nyumba ukipasuka, gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu inaweza kuingia vyumbani watu wakiwa wamelala. Kule uzembe una meno. Wetu unatutoa jasho tu, na jasho tumelizoea, kwa hiyo jedwali la sevisi linakufa bila mtu kustuka.

Nyumba za kupanga zina tabu yao. Mpangaji kalipa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, hataki kuweka hela yake kwenye AC ya mtu. Mwenye nyumba anasema anayepulizwa ndiye aoshe. Kwenye mkataba imeandikwa "matengenezo madogo madogo", na neno hilo matengenezo ndilo tunalotumia kwa kila kitu, kwa kukarabati kilichovunjika na kwa kutunza kizima. Tunalo neno utunzaji. Kwenye bajeti silioni.

Zamani uzembe huu ungekuwa na nafuu, kwa sababu majengo yalikuwa yanapumua. Soko la Kariakoo la Beda Amuli, lililokamilika katikati ya miaka ya 1970, lilipewa paa la miavuli ya zege lipitishe hewa na kukusanya maji ya mvua. Nyumba za kawaida zilikuwa na baraza na matundu ya hewa juu ya madirisha. Leo tunajenga vyumba vyenye madirisha ya alumini ya kuteleza, ambayo ukiyafungua yote unapata nusu ya dirisha. Chumba kama hicho kimekabidhi roho yake kwa mashine moja, na mashine hiyo ndiyo tunayoinyima dakika kumi za bombani.

Kuna hoja ya upande wa pili, na haina ujinga. Wako wanaosema AC ya bei rahisi iache ife, ununue nyingine. Kwa mashine kuukuu ya R22 ambayo koili yake ya ndani imetoboka, nakubali, itupwe. Ila kwa mashine ya miaka mitatu hesabu inasahau vitu: umeme uliokula ziada kila usiku, gesi iliyotiwa mara mbili, kufunga upya, na uwezekano mkubwa kwamba inayofuata itafungwa vilevile, bila pampu.

Nilirudi ofisini pale wiki mbili baadaye kufuata muhuri wangu. Nikamkuta fundi juu ya ngazi, mtu wa makamo, anapuliza kipira cha maji kwa mdomo. Kikazibuka, tope jeusi likamwagika kwenye ndoo. Alikuwa amelitoa na chujio, limeegeshwa ukutani limetakata, linachuruzika. Akarudisha kila kitu, akawasha, akaweka kiganja mbele ya upepo, akatikisa kichwa kukubali. Dada wa mapokezi akamwuliza kama haandiki tarehe kwenye ile karatasi. Akaitazama.

"Sikuitwa kwa sevisi, dada," akasema. "Nimeitwa kwa maji."